Gesi ya AC haiishi kama petroli, mbona unaijaza kila msimu wa jua?

Jua la Februari likianza kuchoma Thika, kuna biashara inayoamka nalo. Anzia Makongeni, ushike Garissa Road hadi mjini, uingie Thika Road, upite Juja, ufike Kimbo na umalizie Ruiru karibu na makutano ya Eastern Bypass. Njiani utaona kibao cha mbao kimeegemezwa kwenye tairi kuukuu, kimeandikwa kwa rangi ya mkono kwamba hapa gesi ya AC inajazwa. Kando yake kuna mtungi, geji mbili zenye mipira ya buluu na nyekundu, na foleni ya Vitz, Demio, Probox na Axio.

Pengine umewahi kusimama kwenye foleni hiyo. Fundi anafungua boneti, anaunganisha geji, anaangalia mshale, kisha anatingisha kichwa. "Gesi imeisha." Baada ya dakika ishirini umeshalipa, na AC inapuliza baridi kama ya Limuru mwezi wa Julai. Unaondoka ukitabasamu. Kufika Aprili hewa imeanza kuwa ya uvuguvugu, lakini mvua imeanza kunyesha, kwa hiyo hata huna habari. Januari ikirudi na jua lake, na wewe unarudi kwa fundi. Anafungua boneti. "Gesi imeisha."

Makala haya yanahusu neno hilo moja. Gesi ya AC haiishi. Inatoroka. Tofauti kati ya maneno hayo mawili inakugharimu pesa, inaweza kukugharimu usalama wako, na kuanzia miaka michache ijayo itakuwa suala kubwa zaidi ya wewe na fundi wako.

Damu haiongezwi kila mwezi

Petroli inaungua. Ukitoka Ruiru hadi Thika, kiasi fulani kimekwenda na hakirudi. Gesi ya AC haifanyi kazi hivyo. Imefungiwa ndani ya mabomba na inazunguka mle mle, mwaka baada ya mwaka, sawa na ile iliyo kwenye friji ya nyumbani. Hujawahi kusikia mama akisema anapeleka friji kujazwa gesi kila baada ya miezi mitatu.

Kazi yake ni kubeba joto. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, inaibana gesi hadi inakuwa moto sana. Inapita kwenye kondensa, ile sahani yenye mapezi membamba iliyo mbele ya radieta, na hapo upepo unaipoza hadi inageuka maji. Maji hayo yanasukumwa kupitia tundu jembamba la vali na kuingia kwenye koili iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Huko shinikizo linashuka ghafla, maji yanageuka gesi tena, na yakigeuka yanafyonza joto la ndani ya gari. Feni inapuliza hewa juu ya koili hiyo baridi, nawe unasikia raha. Kisha gesi inarudi kwa kompresa na safari inaanza upya.

Fikiria mfumo huu kama damu mwilini. Kompresa ndiyo moyo. Mtu akiletwa hospitalini amepungukiwa damu, ataongezewa. Lakini akirudi baada ya miezi mitatu akiwa hivyo hivyo, kisha mitatu tena, daktari yeyote wa maana atauliza: damu hii inavujia wapi?

Kwa gari kuukuu, pa kuvujia ni pengi. Raba ndogo za mviringo kwenye viungio zinakauka na kupasuka. Mpira wa kuunganisha kompresa unachoka kwa kutikiswa. Sili ya shafti ya kompresa inakauka, hasa kama AC haiwashwi kwa miezi mingi, kwa sababu mafuta ya kuilainisha huzunguka pamoja na gesi. Na kondensa, kwa kuwa iko mbele kabisa, ndiyo inayopokea kila kokoto linalorushwa na lori lililo mbele yako. Ukiongeza barabara za ndani za Ruiru na Juja ambazo lami haijazifikia, unaona kwa nini ndai ya mwaka 2010 haiwezi kubana gesi kama ilivyokuwa ikitoka kiwandani.

Tuwe wakweli: gari la miaka kumi na mitano kupoteza gesi kidogo kidogo ni kawaida. Kama ulijaza miaka mitatu iliyopita na sasa baridi imepungua, hilo si jambo la kukunyima usingizi. Lakini kama ulijaza Januari na kufika Aprili imekwenda, una tundu. Kujaza bila kuziba tundu ni kuteka maji kwa pakacha.

Nani anafaidika na tundu?

Tupige hesabu ya mtaani. Tuseme unalipa Sh3,000 kila ukijaza, na unajaza mara tatu kwa mwaka. Hiyo ni Sh9,000. Kwa miaka miwili ni Sh18,000, na bado gari lina tundu lile lile. Raba ya kiungio iliyopasuka, ambayo huenda ndiyo chanzo cha yote, ni kitu cha bei ya soda chache. Hata kondensa iliyotumika ungepata kwa wauza spea na kubaki na chenji.

Na kuna gharama usiyoiona. Gesi ikitoroka huondoka na sehemu ya mafuta ya kompresa. Kompresa ikizunguka bila mafuta ya kutosha hujisaga yenyewe, na chembe za chuma husambaa kwenye mabomba yote. Ikifika hapo huzungumzii tena kujaza gesi. Unazungumzia kompresa nyingine, kuosha mabomba, pengine na vali mpya. Watu wengi hufika hapo, huuliza bei, hufunga boneti na kushusha vioo maisha yao yote.

Sasa, ni rahisi kumlaumu fundi wa jua kali. Lakini jiulize, mara ya mwisho ulipoenda kwake ulimwambia nini? Ulimwambia una haraka. Ulimwambia jirani yake anajaza kwa Sh500 chini. Kutafuta tundu ni kazi ya nusu siku: kuujaza mfumo naitrojeni, kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungio, au kutia rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya zambarau kisha kusubiri. Ni wateja wangapi wako tayari kulipia nusu siku ya mtu "anayeangalia tu"? Tumezoea kulipia kinachowekwa, hatujazoea kulipia akili inayotafuta. Matokeo yake, fundi mwaminifu anayetaka kutafuta tundu anakosa wateja, na yule anayejaza na kukupungia mkono ana foleni.

Kwa hiyo hapa hakuna mwizi mmoja wa kukamatwa. Kuna soko ambalo linalipa ugonjwa na halilipi tiba.

Kigali, 2016

Hapa ndipo hadithi inatoka Kimbo na kuingia kwenye siasa za dunia.

Magari ya zamani kabisa, ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990, yalitumia gesi iitwayo R-12. Iligunduliwa kwamba inakula tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuizima. Nchi zinazoendelea zilipewa muda hadi 2010. Mahali pake ikaja R-134a, ambayo ndiyo iliyo kwenye karibu kila gari unaloliona kwenye foleni ya Ruiru. Hii haigusi ozoni. Tatizo lake ni jingine: ikiwa hewani inashika joto vibaya sana. Kilo moja ya R-134a, kwa hesabu inayotumika sana ya miaka 100, inaongeza joto duniani sawa na takriban kilo 1,430 za kaboni dioksaidi.

Namba hiyo ni kubwa mno kuelewa, kwa hivyo tuilete nyumbani. Gari dogo hubeba takriban gramu 400. Zikitoroka zote, ni sawa na kilo 570 hivi za kaboni dioksaidi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3. Maana yake, mjazo mmoja unaovuja ni sawa na kuchoma karibu lita 250 za petroli. Vitz inayokwenda kilomita 15 kwa lita ingekupeleka Mombasa na kukurudisha karibu mara nne. Umefika hapo bila kuwasha gari.

Ndiyo maana mnamo Oktoba 2016 nchi za dunia zilikutana Kigali, Rwanda, zikaubadilisha Mkataba wa Montreal ili kupunguza familia nzima ya gesi hizi. Mabadiliko hayo yalianza kutumika Januari 1, 2019, na Kenya iliyaidhinisha mwaka 2023. Sekretarieti inayosimamia mambo haya yote ya ozoni iko wapi? Gigiri, Nairobi. Ukitoka Ruiru asubuhi na usikwame Githurai, saa moja inatosha.

Ratiba ya nchi kama Kenya iko wazi. Kuanzia 2024 matumizi yasipande tena juu ya kiwango kilichowekwa. Kufika 2029 yapungue kwa asilimia 10. Mwaka 2035, asilimia 30. Mwaka 2040, asilimia 50. Mwaka 2045, asilimia 80.

Tafsiri ya mtaani ni hii: mtungi wa R-134a hautakuwa rahisi milele. Ulaya ilitangulia kuonja. Ilipoanza kubana mgao wa gesi hizi, bei zilipanda mara kadhaa kufikia 2018, na pakazuka walanguzi waliozipitisha mipakani kimagendo. Sisi tunaijua hadithi hii kutoka kwa sukari. Kitu kikiwa haba na kila mtu anakihitaji, bandia hufuata.

Pesa zilibaki Japani

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo linalonikera zaidi.

Magari mengi tunayonunua hapa yametumika Japani. Tangu Januari 2005 Japani ina sheria ya kuchakata magari yaliyokwisha. Mwenye gari hulipa ada mapema, na sehemu ya ada hiyo imetengwa kwa kazi moja: gari likifika mwisho wa maisha, gesi ya AC inyonywe na kuharibiwa kwa usalama badala ya kuachwa itoroke. Utaratibu mzuri sana. Lakini gari likiuzwa nje ya nchi kabla ya kufa, sheria hiyo hiyo inaruhusu ada hiyo irudishwe kwa aliyelisafirisha.

Yaani gari lilikuwa na bajeti yake ya mazishi. Likapanda meli kuja Mombasa, na bajeti ikabaki Tokyo. Kwetu lilifika likiwa na gesi ile ile, mpira wenye umri wa miaka saba, na bila hata shilingi moja ya kulizika.

Kenya inazuia magari yaliyozidi miaka minane kuingia. Ni kanuni nzuri, lakini inahesabu miaka ya kuingia tu. Haina la kusema kuhusu miaka kumi au kumi na mitano ambayo gari hilo litaishi hapa, likipita kutoka kwa afisa wa benki hadi kwa mwalimu, kutoka kwa mwalimu hadi kwa dere wa teksi, na hatimaye kwa kijana aliyeweka akiba ya chama. Wewe, mnunuzi wa nne, ndiye unayekutana na tundu. Na siku gari likikatwa vipande, AC hufunguliwa kwa nyundo na gesi yote inakwenda hewani kwa sekunde chache.

Sheria yetu ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari ina wazo kwamba anayeleta bidhaa sokoni abebe jukumu hadi mwisho wake. Ni haki kuuliza: kwa nini wazo hilo lisimfuate mwagizaji wa magari? Na kwa nini Nairobi isikae mezani na Tokyo kuulizia ile ada inayorudishwa?

Najua unachofikiria. Ukisikia "ada" unasikia mzigo mwingine begani mwako. Hatujasahau Mswada wa Fedha wa 2024 na ule ushuru wa magari wa asilimia 2.5 kila mwaka, uliotupwa kwa sababu vijana walikataa. Walikuwa na haki ya kukataa. Ushuru ule ungekutoza kwa kumiliki gari tu, bila kukurudishia chochote. Lakini kuna tofauti kati ya ushuru unaomezwa na hazina na ada iliyokwishalipwa kwingine, yenye kazi moja inayojulikana. Kinachohitajika hapa ni kudai kilichopotelea njiani, na kuhakikisha kikifika kinaonekana: mashine ya kunyonya gesi Thika, nyingine Ruiru, na fundi aliyefunzwa kuitumia.

Njia ya mkato inayowaka

Wakati tunasubiri sera, soko halisubiri. Gesi halisi ikipanda bei, kuna atakayekuletea "mbadala" wa bei nafuu. Hapa nakuomba uwe makini sana.

Mbadala wa hatari zaidi ni gesi za jamii ya ile ya kupikia. Kitaalamu zinapoza, tena vizuri. Friji nyingi za kisasa za nyumbani zinatumia gesi ya jamii hiyo, lakini ni gramu chache, kwenye mfumo uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Gari lako halikutengenezwa hivyo. Kumbuka ile koili iko nyuma ya dashibodi, ndani, mahali unapopumua. Ikivuja usiku ukiwa umefunga vioo, asubuhi unaingia kwenye chumba kidogo kilichojaa gesi inayowaka. Cheche moja ya swichi, au abiria aliyewasha sigara, inatosha. Na kama una tundu tayari, hiyo "kama" si kama tena.

Mbadala wa pili ni mtungi bandia, wenye jina sahihi nje na uchafu ndani. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yaliyokuwa yamejazwa gesi bandia yalilipuka, na wafanyakazi watatu wakafa huko Vietnam na Brazil. Ilibainika kuwa ndani ya kile kilichouzwa kama R-134a mlikuwa na kemikali nyingine inayoshambulia alumini. Waliokufa walikuwa mafundi, wala si wenye mali. Vivyo hivyo, kwenye foleni ya Kimbo, anayeinama juu ya boneti siku nzima bila glavu wala miwani ndiye wa kwanza kuumia.

Kisha kuna hili linalokuja. Tangu 2017 Ulaya hairuhusu gari jipya lenye R-134a, na watengenezaji wa Japani nao wamekuwa wakihamia gesi mpya, R-1234yf. Madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo mno, lakini bei yake ni ya juu, inaweza kuwaka kidogo, na viungio vyake ni tofauti ili isichanganywe na ile ya zamani. Kwa mwendo wa kanuni yetu ya miaka minane, magari hayo yanazidi kuingia kila mwaka. Fundi mwenye mtungi mmoja na geji moja atafanyaje? Atabuni kiungio cha kulazimisha gesi ya zamani iingie kwenye gari jipya. Si kwa ubaya. Ni kwa sababu hakuna aliyemwambia wala kumuuzia kifaa.

Dere katikati ya moto

Kama unaendesha teksi ya programu, haya yote yanakuangukia mara mbili. Abiria anaingia Kamakis saa nane mchana, jua la utosi, na neno lake la kwanza ni "niwashie AC". Ukikataa anakupa nyota mbili. Ukiwasha, injini ya cc 1000 inauhisi mzigo mara moja, na mshale wa petroli nao unauhisi. Septemba 2023 petroli ilivuka Sh200 kwa lita jijini Nairobi kwa mara ya kwanza, na hakuna dere aliyesahau miezi ile. Kanuni za 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa makato ya kampuni za programu, lakini hazikusema nani analipia baridi. Nauli haijui kama vioo vilikuwa wazi au vimefungwa.

Kwa hiyo mabishano kati ya dere na abiria, ambayo umeyaona mtandaoni mara mia, si tabia mbaya ya mmoja wao. Ni gharama ambayo kila mmoja anamsukumia mwenzake, na chini yake kuna tundu dogo ambalo hakuna aliyepewa muda wala pesa za kuliziba. Abiria anaona dere mchoyo. Dere anaona abiria asiyejua bei ya vitu. Wote wawili wanatoka jasho.

Unachoweza kufanya Jumamosi hii

Sera itachukua muda wake. Gari lako haliwezi kusubiri. Kabla hujarudi kwenye foleni, anza na haya.

Kwanza, usikimbilie kusema ni gesi. Kama AC inapoza vizuri ukiwa unatembea Thika Road lakini inakuwa moto ukikwama kwenye jam, mara nyingi tatizo ni feni ya kondensa au kondensa iliyoziba kwa vumbi. Kama baridi ipo lakini upepo ni dhaifu, angalia filta ya hewa ya ndani. Magari mengi huiweka nyuma ya droo ya mbele ya abiria, na nyingi hazijabadilishwa tangu Japani. Ukiitoa unaweza kukuta majani ya mti ambao haumei Kenya.

Pili, tafuta karatasi ndogo iliyobandikwa chini ya boneti. Imeandika aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Fundi anayejaza kwa kuangalia mshale wa geji peke yake anakisia. Anayeweka mtungi kwenye mizani anapima. Gesi ikizidi nayo huumiza kompresa, kwa hiyo usiombe "ongeza kidogo ipige baridi zaidi".

Tatu, uliza kama ana pampu ya vakyumu. Kabla ya kujaza mfumo uliofunguliwa au uliokauka, hewa na unyevu lazima vinyonywe kwa nusu saa hivi. Unyevu ukibaki ndani hutengeneza asidi na kuula mfumo polepole. Tena kuna faida: pampu ikizimwa na mshale wa geji ukaanza kurudi, umeshaonyeshwa kwamba tundu lipo kabla hujapoteza hata gramu moja.

Nne, kubali kulipia utafutaji. Mwambie fundi wazi: leo sijazi, leo tunatafuta. Jadilianeni bei ya kazi hiyo. Akitumia naitrojeni na sabuni, sawa. Akitaka kupima kwa oksijeni ya mashine ya kuchomelea, ondoa gari lako hapo, maana oksijeni ya shinikizo ikikutana na mafuta huweza kulipuka. Na ukiuziwa dawa ya kopo inayodaiwa kuziba matundu yote, fikiri mara mbili, kwani huweza kuganda kwenye ile vali nyembamba.

Tano, baada ya kuziba, washa AC dakika kumi kila wiki, hata msimu wa baridi wa Julai. Mafuta yakizunguka, sili hazikauki.

Na kama wewe ni kijana unayetafuta kazi ya mikono, angalia vizuri kilicho mbele yako. Thika ni mji uliounganisha magari tangu enzi za Leyland katika miaka ya 1970, kiwanda ambacho leo ni KVM. Ruiru inajaa watu na magari yao kila mwezi. Magari yanazeeka, gesi inabadilika, na 2029 haiko mbali. Mafundi wa kujaza ni wengi. Mafundi wa kutafuta, wenye pampu, mizani, mashine ya kunyonya na cheti cha NITA, ni wachache. Kaunti ya Kiambu ikitaka kufanya jambo moja la maana kwa jua kali, iwe ni kuwapa mafundi hawa mafunzo na vifaa vya kutumia kwa pamoja, kama vile vyama vya wakulima vinavyotumia tangi moja la kupoza maziwa.

Lakini soko hilo halitaanza kama wateja hawataliomba. Na hapo ndipo unapoingia wewe. Msimu huu ukifika kwenye kile kibao cha mbao, fundi akafungua boneti, akatingisha kichwa na kukwambia gesi imeisha, usitoe simu kulipa kwanza. Muulize: imeenda wapi?